Damu Isiyofuata Majira, na Wajibu Wetu Sote

Yako mambo ambayo watu wa Visiwa hivi huyasema kwa kunong'onezana, na tangu zamani imehesabiwa kuwa ni adabu yasitajwe mbele za watu. Sisi hatuna nia ya kuivunja adabu hiyo. Lakini wahenga waliosema kwamba mficha uchi hazai nao walikuwa watu wa adabu, na walijua kwamba stara ina mpaka wake, na mpaka huo ni pale kunyamaza kunapoanza kudhuru. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo moja la namna hiyo, nalo ni damu inayowatoka wanawake bila ya utaratibu baada ya kutumia dawa za kupanga uzazi, zikiwa ni vidonge vya majira, sindano, vijiti vinavyowekwa mkononi, au vidonge vya dharura.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la faragha kama hili liletwe katika safu hii, ambayo kazi yake ni kuzungumzia mambo ya umma. Jawabu letu ni kwamba jambo hili ni la umma. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 476,111 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Viongozi wanazijua tarakimu hizo na huzitaja mara kwa mara wanapozungumza juu ya shule, maji na ardhi. Lakini nyuma ya tarakimu yuko mama mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni, ambaye amekwenda kituo cha afya kutaka apumzike kidogo kabla ya kubeba mimba nyingine. Akachomwa sindano akarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu damu ikaanza kumtoka, leo matone, kesho kidogo zaidi, keshokutwa hapana, kisha tena. Hakuambiwa kwamba itakuwa hivyo. Akaogopa, akanyamaza, na miezi mitatu ilipotimia hakurudi. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito tena, mwili wake ukiwa haujapata nguvu.

Mama huyo hatukumtaja kwa jina kwa sababu si mmoja. Duniani kote kutokwa na damu bila ya mpango ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wanawake waache sindano na vijiti. Hapa kwetu, ambako uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania 2015-16 ulionyesha kwamba wake wanaotumia njia za kisasa hawafiki wawili katika kila kumi, kila mmoja anayeacha kwa hofu huondoka na wenzake kadhaa, maana habari ya damu husafiri kisimani na harusini upesi kuliko habari yoyote ya daktari.

Yafaa basi tuanze na kueleza damu hii inatoka wapi. Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni mbili ambazo hupanda na kushuka kila mwezi. Ya kwanza, estrojeni, huujenga utando ulio ndani ya mfuko wa uzazi. Ya pili, projesteroni, huutuliza na kuuandaa kwa ajili ya mimba. Mimba isipotunga, homoni hizo hushuka pamoja, utando ukaporomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Sindano na vijiti vina homoni ya namna ya ile projesteroni, nayo haipandi wala haishuki kwa mwezi, bali huingia mwilini mfululizo. Matokeo yake ni kwamba ule utando huwa mwembamba sana, na vimishipa vya damu vilivyomo huwa dhaifu, vikapasuka hapa leo na pale kesho bila ya kufuata hesabu yoyote. Damu hiyo aghlabu ni chache, ijapokuwa siku zake huweza kuwa nyingi, na kwa walio wengi haipunguzi damu ya mwili kiasi cha kuleta upungufu.

Kwa maelezo hayo hayo hujibiwa hofu nyingine, ya yule ambaye damu yake imekatika kabisa. Tumewasikia wakubwa wakisema kwamba damu isiyotoka hurudi tumboni ikajikusanya na kuwa uvimbe au chango. Sivyo. Pale ambapo utando haukujengwa hakuna damu ya kutoka, na wala hakuna iliyobaki ndani. Mtungi usiotiwa maji hauwezi kumwagika.

Kila njia ina desturi yake. Mwenye sindano ya miezi mitatu hupata damu isiyo na utaratibu khasa katika miezi ya mwanzo. Afikapo mwaka mmoja, kiasi cha nusu ya wanaoitumia hawaoni damu kabisa. Mwenye vijiti, ambavyo hukaa miaka mitatu au mitano kwa aina yake, huweza kuona matone kwa miezi mingi, na kwa wengi hali hutulia baada ya mwaka wa kwanza. Vidonge vya majira vyenye homoni zote mbili huleta matone katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha hedhi huwa nyepesi kuliko ya kawaida. Lakini anayesahau kidonge leo na kesho atarajie damu, na atarajie pia kwamba kinga yake imelegea. Kitanzi cha shaba hakina homoni, ila huweza kuzidisha hedhi na maumivu katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Sindano, tofauti na njia nyingine, huchelewesha kurudi kwa uzazi, kiasi cha miezi kumi tangu sindano ya mwisho kwa wastani, lakini uzazi hurudi. Anayesema kwamba sindano hufunga kizazi moja kwa moja anasema uongo, na anayeificha habari ya kuchelewa ndiye anayemsaidia msema uongo huyo.

Vidonge vya dharura vinahitaji neno lake peke yake, maana siku hizi vinanunuliwa madukani na vijana walioolewa na wasioolewa, na mara nyingi hununuliwa bila ya maelezo hata moja. Dawa yake iliyo mashuhuri ni levonojestreli, miligramu moja na nusu, inayomezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kazi yake ni kulizuia au kulichelewesha yai lisitoke. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haiidhuru. Baada ya kuimeza, mwanamke huweza kuona damu kidogo kwa siku chache, na hedhi inayofuata huweza kutangulia au kuchelewa kwa siku kadhaa. Hapa pana makosa mawili yanayofanyika sana. La kwanza ni kudhani kwamba damu hiyo ni ushahidi kwamba mimba imezuiliwa. Si ushahidi. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, hapana budi kupima mimba. La pili ni kuifanya dawa ya dharura kuwa dawa ya kila wiki. Hapo hedhi huvurugika hata mwenyewe asiijue tarehe yake, na kinga anayoipata ni ndogo kuliko ile ya njia za kudumu, ilhali fedha anazotumia ni nyingi zaidi.

Watu wa visiwani wana sababu ya pekee ya kuijua historia ya dawa hizi. Kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba kilijaribiwa kwa wanawake wengi mwaka 1956 katika kisiwa cha Puerto Rico, chini ya uongozi wa mtaalamu wa Marekani, Gregory Pincus, na mwenzake Dokta John Rock. Daktari wa kike aliyesimamia kazi hiyo kisiwani, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba 17 katika kila wanawake 100 walilalamika kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa na kichwa na mengineyo, na akaonya kwamba dawa ile ilikuwa na madhara mengi mno. Wakubwa wa utafiti hawakulipa uzito onyo hilo, wakadhani kwamba mengi yalikuwa ni mawazo tu ya wanawake wenyewe. Ni damu ndiyo iliyowashughulisha zaidi. Walipoisafisha dawa na kupunguza estrojeni iliyokuwa imechanganyika nayo, waliona damu ya katikati ya mwezi ikizidi; wakairudisha, na kidonge kikaidhinishwa Marekani mwaka 1960 kikiwa na homoni zote mbili, kwa kipimo kikubwa mno kuliko cha vidonge vya leo.

Hatuitaji habari hii ili kumtisha mtu. Dawa za leo zimepimwa kwa miongo mingi, na kipimo chake kimeshuka sana. Tunaitaja kwa sababu ina fundisho ambalo halijachakaa: mwanamke wa kisiwani aliposema, "Dawa hii inanifanya hivi," alikuwa anasema kweli, na waliokosea ni wale ambao hawakumsikiliza. Mhudumu wa afya wa leo anayemjibu mama kwa kusema, "Ni kawaida, nenda zako," anakosea kosa lile lile la 1956, hata kama neno lenyewe "kawaida" ni la kweli.

Tena si kila damu ni ya kawaida, na hapa tunamwomba kila msomaji asome kwa makini. Mwanamke anayetokwa na damu mara mbili ya kadiri yake ya siku zote, au kwa zaidi ya siku nane mfululizo, aende kituoni akaangaliwe. Damu ikiambatana na maumivu makali ya chini ya tumbo, khasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au kuzimia, isingojewe hata usiku mmoja, kwani yumkini mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua. Damu yenye harufu mbaya pamoja na homa huashiria uambukizo. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayomrudia mtu mzima aliyekwisha koma hedhi, huweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Na mwenye kutumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, amweleze daktari, maana dawa hizo huzipunguzia nguvu vidonge na vijiti, na damu inayotoka ghafla huweza kuwa ndiyo alama ya kwanza.

Kwa damu ile iliyo ya kawaida, msaada upo. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, zikitumiwa kwa siku chache kwa maelekezo ya mtaalamu, huweza kuipunguza. Wengine hupewa vidonge vya majira kwa muda mfupi ikiwa afya yao yaruhusu. Na aliyepungukiwa damu hupewa vidonge vya madini ya chuma. Isipofaa yote hayo, mwanamke ana haki ya kubadilishiwa njia, au kutolewa vijiti vyake siku hiyo aliyoomba, bila ya kukemewa na bila ya kuambiwa arudi mwezi ujao.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya hospitali vya nchi za mbali hayakulitaja, lakini kwetu ndilo linalokosesha usingizi. Mwanamke Muislamu wa Unguja au Pemba, damu inapomtoka siku ishirini, haulizi kwanza juu ya afya yake. Huuliza juu ya sala yake. Je, asali au asisali? Afunge Ramadhani au ale na kulipa? Mumewe amkaribie au ajitenge? Na aliyeachwa, ambaye damu yake imekatika kwa sindano, eda yake aihesabu vipi? Wako wanaoacha sala miezi miwili kwa kutojua, na wako wanaoacha sindano kwa sababu hiyo tu.

Maswali haya si mageni katika dini. Katika zama za Mtume mwenyewe, Fatima binti Abi Hubaish alimwendea akauliza juu ya damu isiyokatika, naye akajibiwa kwamba asiache sala ila kwa kadiri ya siku zake za hedhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na walio wengi hapa, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake wala haizidi siku kumi na tano, na utohara baina ya hedhi mbili haupungui siku kumi na tano. Damu iliyotoka nje ya mipaka hiyo ni istihadha, na mwenye nayo hujisafisha, akajifunga, akatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, akasali na akafunga. Hatujifanyi mamufti, hukumu ya kila mmoja ina upambanuzi wake, na mahali pake ni kwa wanavyuoni. Tunalosema ni kwamba masheikh wetu, na khasa walimu wa kike wanaosomesha katika madrasa za akina mama, wangefanya jambo kubwa la kheri lau wangeifundisha milango hii pamoja na habari ya dawa zinazotumika leo, na lau daktari na sheikh wangekaa pamoja mkekani mara moja tu kwa mwaka katika kila shehia.

Kwamba maneno tu yanaweza kubadili mambo si ndoto yetu. Utafiti uliofanywa China na kuchapishwa 1996 uliwachukua wanawake waliochomwa sindano hii hii ya miezi mitatu. Walioelezwa kwa ukamilifu tangu mwanzo juu ya damu watakayoiona, na wakakumbushwa kila waliporudi, walioacha katika mwaka mmoja walikuwa 11 katika kila 100. Wale waliopewa maelezo ya kawaida tu, walioacha walikuwa 42 katika kila 100. Utafiti mwingine wa Mexico, uliochapishwa 2001, ulipata karibu jambo hilo hilo: 17 kwa walioelezwa, 43 kwa wasioelezwa vya kutosha. Dawa ilikuwa ile ile na damu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni robo saa ya mazungumzo.

Robo saa hiyo ndiyo tunayoidai. Tunajua kwamba wauguzi wetu ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini ni bora kumchelewesha mama kwa robo saa kuliko kumpoteza kwa miaka mitatu. Wizara ya Afya yafaa ihakikishe kwamba hakuna sindano inayochomwa wala kijiti kinachowekwa kabla mwenyewe hajaambiwa mambo manne: kwamba damu itabadilika, ni damu gani si ya hatari, ni ipi inayotaka arudi mbio, na kwamba akitaka kuacha mlango u wazi. Maelezo hayo yachapishwe kwa Kiswahili chepesi kwenye kadi atakayokwenda nayo nyumbani, ili mume na mama mkwe nao wasome. Wauza dawa walazimike kutoa maelezo kama hayo kwa kila kidonge cha dharura wanachouza. Na dawa za kutuliza damu na za kuongeza damu ziwepo katika vituo vidogo, zisiishie hospitali za mjini.

Viongozi wakumbuke pia kwamba sisi ni watu wa bahari. Mama wa Kojani, wa Tumbatu au wa Kisiwa Panza hawezi kwenda kituo kikubwa kila apendapo. Kusi likivuma, chombo hakiondoki. Yafaa ajue kwamba sindano yake ikichelewa kwa upepo, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaruhusu achomwe hata wiki nne baada ya tarehe, na anaweza kuitangulia kwa wiki mbili akiona bahari itachafuka. Jambo dogo kama hili, likijulikana, huokoa mimba isiyotakiwa na huokoa hofu. Na masheha, ambao hujua nani ana mgonjwa na nani hana, wahakikishe kwamba mama anayetokwa na damu nyingi usiku anapata chombo cha kumvusha bila ya kujadiliana kwanza juu ya nauli.

Kwa waume tuna neno moja. Damu isiyo na mpango si ushahidi wa uchafu wala wa uzinifu, wala si njama ya mke kumkimbia mumewe. Ni kazi ya dawa ambayo aghlabu mlikubaliana nayo, au mlipaswa kukubaliana nayo, kwa faida ya watoto wenu wote. Mwanamume anayefuatana na mkewe kituoni, akasikiliza maelezo na akauliza la kuuliza, hapungukiwi na uanaume wake. Na masomo na makungwi, ambao ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa wanawake wa Visiwa hivi, wasione kwamba elimu hii imekuja kuwanyang'anya kazi yao, imekuja kuiongezea.

Hatuwaamrishi watu kupanga uzazi. Hilo ni la mke na mume na Mola wao. Tunachotaka ni kwamba anayechagua achague kwa kujua, na anayeacha aache kwa kujua vile vile, na asiwepo mwanamke hata mmoja katika Visiwa hivi anayelala na hofu ya kufa kwa sababu ya matone ambayo muuguzi angeweza kumweleza mapema, wala anayekufa kwa damu ya hatari kwa sababu aliambiwa kwamba zote ni za kawaida.